Josef Groll, mgema asiyesifiwa

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia lolote kuhusu mgema asiyesifiwa. Jina la Pilsner tunalisoma kwenye chupa hapa Kenya na kwingineko duniani, lakini ni wangapi wetu wanaomfahamu mtu aliyeipika bia ya kwanza ya aina hiyo?

Josef Groll alizaliwa mwaka wa 1813 mjini Vilshofen, Bavaria, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Babake alimiliki kiwanda cha bia, naye akainukia katika kazi hiyo. Wakati huo mji wa Plzeň, ulio katika Jamhuri ya Czech ya leo, ulikuwa umepatwa na fedheha. Bia yake ilikuwa mbovu kiasi kwamba mnamo 1838 mapipa 36 yalimwagwa hadharani. Wenyeji waliokuwa na haki ya kupika pombe waliungana, wakajenga kiwanda kipya, na Groll akaajiriwa awe mpishi mkuu. Tarehe 5 Oktoba 1842, akiwa na umri wa miaka 29, alipika bia iliyobadilisha historia.

Siri yake kubwa ilikuwa kimea. Neno hili, linalotokana na kitenzi kumea, linajieleza lenyewe: nafaka hulowekwa, ikaachwa ichipuke, kisha ikakaushwa. Wapishi wetu wa busaa hutumia wimbi. Wenzao wa Ulaya hutumia shayiri. Ukaushaji ndio unaoamua sehemu kubwa ya ladha. Kimea kikikaushwa kwa kuni hunuka moshi. Kikikaushwa kwa joto la karibu nyuzi 100, bia huwa na wekundu na ladha ya ganda la mkate. Kikikaangwa hadi nyuzi 200 na zaidi, huwa cheusi na kichungu mithili ya kahawa. Mwingereza Daniel Wheeler alipewa hataza ya pipa la kukikaangia hivyo mnamo 1817.

Groll alifuata mbinu nyingine ya Waingereza, ya kukausha kwa hewa moto isiyo na moshi, tena kwa joto la chini. Kimea chake kikabaki cheupe, chenye utamu mwepesi wa nafaka. Isitoshe, maji ya Plzeň yana madini machache, hivyo uchungu wa hopsi za Saaz haukukereketa kooni. Wanywaji waliozoea bia nyeusi wakaletewa kinywaji angavu chenye rangi ya dhahabu.

Malipo yake yalikuwa nini? Mkataba wake ulipokwisha mnamo 1845 haukuongezwa. Groll alirejea Vilshofen, akarithi kiwanda cha babake na kufariki huko mwaka wa 1887. Bia yake ilichukua jina la mji, kwani Pilsner maana yake ni ya Plzeň, basi.

Lugha ina ukatili wake: huhifadhi jina la mahali na kumtupa fundi. Sisi tumefanya vibaya zaidi. Akina mama wanaojua siku ya kuanika wimbi na kiasi cha kukaanga unga wa busaa hawajaandikwa popote, na wanazeeka. Vyuo vyetu viende vikawasikilize, viandike maarifa yao pamoja na majina yao, kabla hayajazikwa nao.