Padri Georges Lemaître na Mwanzo wa Nyota

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 huko Charleroi, nchini Ubelgiji, mji wa makaa ya mawe kama yale yaliyochimbwa zamani kando ya mto Lukuga, karibu na Kalemie. Alianza masomo ya uhandisi wa machimbo, lakini mwaka 1914 vita ikaingia nchini kwake, naye akajitoa kuwa askari. Vita ilipokwisha alishika elimu ya hesabu, kisha akaingia seminari. Mwaka 1923 alipewa upadri na Kardinali Mercier.

Mwaka 1927, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Louvain, aliandika kwamba makundi makubwa ya nyota yanazidi kuachana, kwa kuwa ulimwengu wenyewe unatanuka. Jambo hili laweza kufahamika ufukoni Kalemie. Jioni mitumbwi ya wavuvi hutoka mahali pamoja. Usiku taa zao zimetawanyika mbali ziwani. Azionaye zikizidi kuachana hujua ya kuwa hapo kwanza zilikuwa karibu. Vivyo hivyo, mwaka 1931 Padri Lemaître alifundisha kwamba hapo mwanzo vitu vyote vilikuwa vimesongamana pamoja. Einstein, mtaalamu mwenye sifa kuu, kwanza alikataa. Baadaye alikubali kwamba ulimwengu watanuka.

Lakini ikiwa vitu vyote vyatawanyika, nyota zilipatikanaje? Padri aliona ya kuwa palipokuwa na msongamano zaidi, vitu vilivutana, vikaacha kutawanyika, vikakusanyika. Wataalamu wa leo wamejua mengi zaidi. Wingu kubwa la hewa na vumbi hujikunja kwa uzito wake lenyewe; kati yake huzidi kupata moto, hata haidrojeni ikageuka kuwa heli, na nyota ikawaka. Ndivyo lilivyozaliwa jua, yapata miaka milioni 4,600 iliyopita. Mabaki yaliyolizunguka yalishikamana kidogo kidogo, yakawa dunia na sayari nyingine.

Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pius XII alinena kana kwamba elimu hiyo yathibitisha uumbaji. Mwingine angalijivuna, Padri Lemaître hakupendezwa. Alijua ya kuwa hesabu za wanadamu zaweza kusahihishwa kesho, na imani haifai kujengwa juu yake. Mwaka uliofuata Papa aliwahutubia wataalamu wa nyota mjini Roma, wala hakurudia neno hilo.

Mwaka 1966 Padri Lemaître alikuwa mgonjwa sana. Muda mfupi kabla ya kufa aliletewa habari kwamba wataalamu wa Marekani wamegundua masalio ya joto la zamani zile, yakienea mbinguni kote. Alifariki tarehe 20 Juni. Maisha yake yaonyesha kwamba mwenye imani asiogope kuuliza, wala mwenye elimu asijivune kwa majibu yake.