Alois Alzheimer: Daktari aliyehifadhi ubongo wa mgonjwa wake

Mzee akianza kusahau, wengi wetu husema ni uzee tu, au karogwa. Alois Alzheimer, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1864, hakuridhika na majibu mepesi. Mwaka 1901 mjini Frankfurt alimpokea Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyepoteza kumbukumbu. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, Alzheimer, akiwa amehamia Munich, alipelekewa ubongo wake. Kwa hadubini aliona mabaka, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mwaka 1910 ugonjwa ukapewa jina lake. Alifariki mwaka 1915.

Vipande alivyohifadhi vilipatikana tena miaka ya 1990, na watafiti wakajionea alichokiona. Leo benki za tishu huhifadhi hivyo hivyo, kwa idhini. Tujiulize: sisi tungekubali?