Gamal Abdel Nasser: Rais Aliyejiuzulu kwa Usiku Mmoja



Ukikaa na wazee wetu waliokuwa vijana kabla ya uhuru, hutakosa atakayekutajia Gamal Abdel Nasser wa Misri. Kuanzia mwaka 1954 Redio Cairo ilirusha matangazo kwa Kiswahili, na sauti ile ilifika hadi vijijini kwetu ikisema kwamba ukoloni una mwisho. Chama cha Uganda National Congress kilikuwa na ofisi yake Cairo. Nasser anakumbukwa zaidi kwa Mfereji wa Suez. Leo tutazame jambo linalosimuliwa kidogo: jinsi alivyojiuzulu, na kilichotokea alipoondoka kweli.

Mtoto wa karani wa posta

Alizaliwa Alexandria tarehe 15 Januari 1918. Baba yake alikuwa karani wa posta, na asili yao ilikuwa kijiji cha Beni Murr, mkoa wa Asyut. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Mwaka 1935, akiwa bado mwanafunzi, aliandamana dhidi ya Waingereza, na risasi ikamkwaruza kichwani. Miaka miwili baadaye aliingia chuo cha kijeshi. Katika vita vya Palestina vya 1948 alizingirwa na kikosi chake huko Faluja, na wengi wanasema hapo ndipo alipokata tamaa kabisa na utawala wa Mfalme Farouk.

Tarehe 23 Julai 1952 yeye na maofisa wenzake walitwaa madaraka. Siku tatu baadaye mfalme alipanda meli akaondoka. Aliyewekwa mbele alikuwa Jenerali Muhammad Naguib, mtu mzima aliyependwa na watu, lakini nguvu zilikuwa mikononi mwa Nasser.

Hapa kuna kisa cha kukumbuka. Februari 1954 Naguib alijiuzulu. Watu wakamiminika barabarani wakimtaka, na baada ya siku chache akarudishwa. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo aliondolewa, akafungiwa nyumbani kwa miaka mingi, na safari hii umati haukumwokoa.

Mema yake na jeraha lake

Mwaka 1956 Nasser alitaifisha Mfereji wa Suez. Uingereza, Ufaransa na Israel zikaishambulia Misri, kisha zikalazimika kuondoka. Tangu hapo jina lake likawa kubwa kuliko nchi yake. Aliwagawia wakulima ardhi iliyochukuliwa kwa mabwanyenye, akajenga Bwawa Kuu la Aswan, akafanya elimu ya chuo kikuu kuwa bure.

Sisi wanafunzi tuna sababu yetu ya kumtaja. Sheria ya mwaka 1961 iliifanya Al-Azhar ifundishe utabibu na uhandisi pamoja na elimu ya dini, na kuwafungulia wasichana mlango. Vijana wengi wa Kiafrika walipata nafasi ya kusoma huko. Mwaka 1964 Cairo ilianzisha redio maalumu ya Qur'ani. Hata hivyo, sheria hiyohiyo iliiweka Al-Azhar chini ya mkono wa serikali, na wanazuoni wakapungukiwa uhuru wa kumkosoa mtawala.

Jeraha nalo lisifichwe. Baada ya jaribio la kumuua mwaka 1954, Ikhwanul Muslimun walipigwa marufuku, maelfu wakafungwa, na sita wakanyongwa, akiwemo mwanasheria Abdul Qadir Awda. Mwaka 1966 alinyongwa Sayyid Qutb. Wakomunisti nao walionja jela zilezile. Mwandishi anayetaja Suez akanyamazia jela hizo hamtendei haki msomaji, na anayetaja jela tu akaisahau Suez naye ni hivyohivyo.

Usiku wa tarehe 9 Juni 1967

Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1967 ndege za Israel ziliiteketeza ndege za kivita za Misri zikiwa bado ardhini. Ndani ya siku sita Sinai ilikuwa imepotea, na Gaza, na Ukingo wa Magharibi pamoja na Jerusalem Mashariki, na Milima ya Golan. Wakati huo redio za Misri zilikuwa zikitangaza ushindi.

Jioni ya tarehe 9 Nasser alitokea kwenye televisheni, uso umemshuka. Alikiri kwamba nchi imepata pigo, akasema anabeba dhamana, na kwamba anaacha urais arudi kuwa raia wa kawaida. Akamtaja Zakaria Mohieddin achukue nafasi yake.

Kabla usiku haujaisha Cairo ilijaa watu wakilia na kumtaka abaki. Bunge nalo likakataa. Zakaria mwenyewe hakuutaka mzigo ule. Tarehe 10 Nasser akabatilisha uamuzi wake.

Mpaka leo watu wanabishana kama umati ule ulitoka wenyewe au ulitolewa na chama. Penye watu wengi namna ile, huenda yote mawili yalikuwepo. Mtu aliyefiwa humshika aliye karibu naye, hata kama huyo ndiye aliyekuwa akiendesha gari.

Rafiki yake wa ujana, Jemadari Abdel Hakim Amer, aliyeongoza jeshi kwa miaka mingi, naye aliachia ngazi. Yeye hakurudishwa. Alikamatwa, na Septemba 1967 akafa. Serikali ilisema alijiua. Familia yake haikukubali.

Februari 1968 mahakama iliwapa maofisa wa jeshi la anga adhabu nyepesi. Wafanyakazi wa Helwan wakaandamana, wanafunzi wa vyuo vya Cairo wakafuata. Walewale waliomtaka abaki sasa walimdai hesabu. Nasser akaamuru kesi irudiwe, akaahidi mageuzi.

Kiti kilipobaki wazi

Tarehe 28 Septemba 1970, baada ya kusuluhisha vita baina ya Jordan na Wapalestina, alimsindikiza Amiri wa Kuwait uwanja wa ndege, akarudi nyumbani, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 52. Mamilioni walimsindikiza.

Anwar Sadat, makamu wake tangu Desemba 1969, akashika kiti. Kundi la Ali Sabri lililoshika chama, polisi na jeshi lilimwona mtu dhaifu wa kupitisha muda. Mei 1971 Sadat alimfukuza Ali Sabri. Wenzake, akiwemo waziri wa vita, wakajiuzulu kwa pamoja wakidhani serikali itaanguka. Sadat akazipokea barua zao, kisha akawakamata. Barabarani hakutoka umati wa kuwarudisha.

Tunajifunza nini?

Ndani ya miaka 17 Misri iliona viongozi wakijiuzulu mara kadhaa, na si sheria iliyoamua nani abaki. Mara ziliamua barabara, mara bunduki, mara ujanja. Nasser alijenga bwawa, viwanda na vyuo, lakini hakujenga njia ya kumpokea anayekuja wala ya kumwondoa aliyekosea. Kubeba dhamana ni jambo zuri, na wachache wa zama zake walilifanya hadharani. Lakini dhamana iliyobebwa usiku mmoja ikatuliwa asubuhi haimfikii aliyepoteza mwana Sinai.

Tusidhani haya ni ya marais peke yao. Hata uongozi wa jumuiya yetu ya chuo ni amana. Kabla hatujauliza nani atafuata, tuulize: daftari la hesabu liko wapi, katiba inasemaje, na nani ana haki ya kumwambia kiongozi kwamba muda wake umekwisha? Yakijibiwa hayo mapema, hatutahitaji kulia mtu akiondoka.

Allah amrehemu Nasser, awarehemu waliokufa katika jela zake na waliokufa Sinai, na atupe viongozi wanaojua kukabidhi. Wabillahi tawfiq.