Mark Donohue: Injinia aliyeifuga turbo ya Porsche

Agosti 9, 1975, kwenye uwanja wa Talladega, jimbo la Alabama nchini Marekani, gari moja tu ndilo lililokuwa likizunguka. Hakukuwa na mpinzani. Ilikuwa Porsche 917/30, na ndani yake alikaa Mark Donohue, mwanaume wa miaka 38 ambaye mwaka mmoja na nusu nyuma alishatangaza kustaafu. Alipomaliza, saa ilionyesha wastani wa zaidi ya maili 221 kwa saa, karibu kilomita 356. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia kwa mbio za uwanja wa mzunguko.

Siku kumi baadaye alikuwa marehemu.

Mashabiki wengi wa mbio za magari wanamjua Donohue kama dereva. Mafundi wanamjua kwa jambo jingine. Huyu ndiye aliyekaa na injini ya turbo yenye nguvu za kutisha, wakati hakuna aliyejua namna ya kuiendesha kwenye barabara yenye kona, akaifundisha adabu.

Alizaliwa Machi 18, 1937 huko New Jersey. Mwaka 1959 alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Brown, na wakati bado yuko chuoni alishaanza kushindana na Chevrolet Corvette yake mwenyewe. Mbio zake za kwanza zilikuwa za kupanda kilima, New Hampshire, na alishinda.

Aliyemshika mkono kwenye mchezo huo ni Walt Hansgen, dereva mzoefu aliyefariki mwaka 1966 baada ya ajali wakati wa majaribio ya Le Mans. Mwaka huohuo Roger Penske, dereva mstaafu aliyekuwa anaunda timu yake, akamchukua Donohue. Hapo ndipo ulipozaliwa ushirika uliosumbua watu Marekani nzima. Penske alijua biashara na mipango, Donohue alijua vyuma. Walitwaa ubingwa wa Trans-Am mara tatu: 1968 na 1969 wakiwa na Chevrolet Camaro, na 1971 wakiwa na AMC Javelin.

Kwa upole wake watu walimbatiza Captain Nice, yaani kapteni muungwana. Lakini kwenye karakana hakuwa na mchezo. Alipima kila kitu, akaandika kila kitu, na alikuwa wa mwisho kuondoka.

Mwaka 1972 alishinda Indianapolis 500 akiwa na McLaren yenye injini ya Offenhauser ya turbo, na kumpa Penske ushindi wake wa kwanza kwenye mbio hizo. Siku hiyo aliongoza raundi 13 tu kati ya 200, ila zilikuwa 13 za mwisho. Mwenzake wa timu, Gary Bettenhausen, aliyeongoza sehemu kubwa ya mbio, gari lilimgomea zikiwa zimebaki raundi chache.

Lakini kazi kubwa zaidi ilikuwa inamsubiri kwingine.

Porsche walikuwa na tatizo. Gari lao la 917 lilishatamba Le Mans mwaka 1970 na 1971, kisha sheria za Ulaya zikabadilika na injini yake ya lita 5 ikakosa pa kushindana. Wakageukia Can-Am, mashindano ya Marekani na Canada ambayo hayakuweka kikomo cha ukubwa wa injini. Huko McLaren walikuwa wababe, wamebeba ubingwa miaka mitano mfululizo kwa injini za Chevrolet zilizokua hadi kuzidi lita 8. Lita 5 za Porsche, na silinda zake 12, zisingefua dafu.

Wajerumani walijaribu kutengeneza injini ya silinda 16, wakaiacha. Wakachagua turbo.

Kazi ya turbo ni rahisi kuieleza. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo, feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Hewa ikizidi unaongeza mafuta, na nguvu inapanda. Ugumu uko kwenye vipimo. Mafuta yakipungua, joto linapanda na pistoni zinaungua. Yakizidi, injini inakabwa. Na moshi ukiwa mdogo, feni haizunguki vya kutosha, kwa hiyo dereva anakanyaga mafuta na hakuna kinachotokea. Anasubiri. Halafu nguvu yote inafika kwa mkupuo.

Donohue alipolijaribu gari hilo, hivyo ndivyo alivyolikuta. Injini ilikuwa na tabia mbili tu: imelala au imechachamaa. Kwenye mstari ulionyooka lilikwenda kama risasi. Kwenye kona lilikuwa janga, maana nguvu ilikuja wakati matairi hayako tayari kuipokea.

Wahandisi wa Porsche walikuwa na karatasi za vipimo zilizoonyesha kila kitu kiko sawa. Donohue, kwa kuwa naye ni injinia, aliangalia jinsi vipimo vilivyochukuliwa. Injini ilikuwa imepimwa ikiwa inazunguka kwa kasi kubwa na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Lakini dereva hatumii mashindano yote akiwa amekanyaga mpaka mwisho. Anaachia, anafunga breki, anagusa mafuta kidogo katikati ya kona. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa haijapimwa.

Kazi ikaanza upya. Akiwa na mhandisi Helmut Flegl na fundi wa injini Valentin Schäffer, walirudi kwenye mizunguko ya chini na kupanga upya kiasi cha mafuta kwa kila hatua. Kompyuta haikuwepo. Pampu ya mafuta ilisetiwa kwa vyuma, na kila badiliko lilimaanisha kufungua, kufunga na kujaribu tena. Waliongeza pia vali za kuachia presha dereva anapoinua mguu. Taratibu injini ikaanza kuitika. Nguvu ilivuka farasi 900, na sasa iliweza kutumika.

Kisha likaja pigo. Julai 1972, kwenye majaribio ya Road Atlanta, bodi ya nyuma ilichomoka gari likiwa kasi. Donohue alitoka hai, ila mguu uliumia vibaya. Kiti chake akapewa George Follmer, ambaye alikwenda kutwaa ubingwa wa Can-Am mwaka huo. Aliyehangaika na gari miezi yote alibaki na magongo, akimtazama mwingine akivuna. Aliporudi kabla ya msimu kuisha, alishinda mbio za Edmonton.

Mwaka 1973 ilikuwa zamu yake. 917/30 ilikuja na injini ya lita 5.4 na nguvu ya farasi 1,100 hivi kwenye mashindano. Kwenye mashine ya kupimia ilivuka 1,500. Dereva alikuwa na kitufe cha kuzungusha kuongeza au kupunguza presha ya turbo akiwa ndani ya gari. Mashindano yalikuwa manane. Mawili ya mwanzo yalimponyoka, sita yaliyofuata alishinda yote na kuwa bingwa.

Baada ya hapo sheria zikawekea kikomo mafuta, Porsche wakaondoka, na Can-Am yenyewe ikafa mwaka 1974. Donohue naye akastaafu, lakini alidumu miezi michache tu. Penske alikuwa anaingia Formula One, na rafiki yake alirudi.

Agosti 17, 1975, wakati wa kupasha moto kabla ya mbio za Austria, tairi la March yake liliharibika na gari likaruka nje ya barabara. Msimamizi mmoja wa barabara alifariki. Donohue alitoka akizungumza, akaonekana mzima. Baadaye kichwa kikaanza kuuma, kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya ubongo. Alifanyiwa upasuaji katika mji wa Graz, na Agosti 19 akafariki dunia.

Mwanaume aliyecheza na farasi zaidi ya elfu moja bila kudhurika na injini, aliondolewa na tairi.

Aliacha mtoto, David, aliyezaliwa mwaka 1967. Mwaka 2009 David alikuwa kwenye kikosi kilichoshinda Saa 24 za Daytona, miaka 40 baada ya baba yake kushinda mbio hizohizo. Injini iliyomfikisha kwenye mstari wa ushindi ilikuwa ya Porsche.