Baron Saint Paul na ua la Usambara: Nani alikula faida?

UKITAJA Wajerumani pale Kalenga, mkoani Iringa, wazee watakukumbusha Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Lugalo mwaka 1891 kabla ya ngome yake kuanguka mwaka 1894. Miaka hiyo hiyo, upande wa Tanga, Mjerumani mwingine alipeleka kwao mali ambayo hakuna aliyeipigania. Mali hiyo ilikuwa ua.

Huyo ni Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyezaliwa Berlin mwaka 1860. Mwaka 1890 alichapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa wilaya huko Tanga. Karibu mwaka 1892 alikuta ua dogo la zambarau likiota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Akalituma kwa baba yake Ujerumani, mzee aliyependa sana mimea. Baba naye akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 alilipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo.

Kampuni ya mbegu ya Benary ya mjini Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Miaka ya 1920 wakuzaji wa Los Angeles, Marekani, waliotesha mbegu kutoka Ulaya, wakachagua miche bora na kuiuza. Leo ziko aina maelfu, na ua hilo hupamba madirisha ya nyumba nyingi Ulaya na Marekani. Baron aliacha kazi ya ukoloni mwaka 1910, akafariki mwaka 1940.

Ndugu mkulima, somo hapa ni la kibiashara. Ua kuota kwetu hakukutuletea fedha. Fedha walizipata waliozalisha, waliochagua na waliotafuta soko.

Kazi hiyo haihitaji shamba. Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, uliweke kivulini. Baada ya miezi miwili au mitatu miche midogo huchipua shinani, mara nyingi zaidi ya mmoja kwa kila jani. Usiweke juani, na usimwagie maji juu ya majani. Kwa baridi ya Iringa ya Juni na Julai, weka vyungu ndani, karibu na dirisha lenye mwanga.

Anza na mche mmoja kutoka kwa muuza maua. Usichimbe ya porini, kwani misitu yake imepungua na baadhi ya aina ziko hatarini kutoweka. Kabla ya kuongeza vyungu, ulizia wenye hoteli na maduka ya mjini watanunua kwa bei gani, kisha toa gharama ya vyungu na udongo. Kinachobaki ndicho chako.