Fundi Konde na Gitaa Lisilofunika Maneno

Kamati ya jubilii ilituomba sisi wa ofisi ya kwaya tujaze kurasa hizi kwa maisha ya mwanamuziki mmoja wa zamani. Tungeweza kumchukua mtunzi wa nyimbo za kanisa, na wapo wengi wa kutosha. Tumemchukua mpiga gitaa la umeme, kwa sababu kila mmoja wenu anajua kwamba tunatimiza miaka 25 ubishi wa gitaa ukiwa bado haujaisha. Wazee wetu wanasema linafunika maneno ya wimbo. Vijana wanasema shida ni mtambo, tununue amplifaya kubwa na vile vikanyagio vya kubadilisha sauti. Pesa za harambee zipo, na hazijaguswa. Kabla ya kuzigusa, tumeona ni vizuri tumtazame mtu anayetajwa kuwa Mkenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 huko Pwani, katika nchi ya Wagiriama. Alisoma katika shule ya bweni ya misheni ya Kikatoliki, na huko ndiko alikofundishwa kupuliza filimbi na klarineti. Tunaomba msomaji aikumbuke hiyo klarineti, maana tutairudia. Mtu anayeanza muziki kwa ala ya kupuliza anajifunza mapema jambo ambalo mpiga gitaa anaweza kuishi miaka mingi bila kulijua: pumzi huisha. Lazima unyamaze, uvute hewa, ndipo uendelee. Vidole havichoki upesi kama mapafu, kwa hiyo mpiga gitaa asiyejua kunyamaza hupiga tu, mwanzo wa ubeti hadi mwisho, bila nukta wala mkato.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana. Aliingia katika burudani ya jeshi, akawapigia muziki askari wa Afrika Mashariki waliokuwa India, Ceylon (ndiyo Sri Lanka ya leo) na Burma. Vijana wa Gusii nao walikwenda vita hivyo, na wapo kati yetu wanaomkumbuka babu aliyekuwa akiitaja Burma kama mtu anavyoitaja Keroka. Askari aliyetoka Kisii, wa kutoka Nyasaland na wa kutoka Pwani hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Walichokuwa nacho pamoja ni Kiswahili, na mwimbaji aliyetaka kuwafikia wote ilimbidi maneno yake yasikike waziwazi.

Baada ya vita alishirikiana na Peter Colmore, Mwingereza wa Nairobi aliyeendesha shughuli za burudani na matangazo, na kuanzia mwaka 1947 sauti yake ikaanza kutoka katika santuri za HMV, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Nyimbo kama Tausi, Mama Sowera na Majengo Siendi Tena zilimjulisha Kenya nzima na ng'ambo ya mipaka. Hatutaki kumficha mtu: hizi si nyimbo za kanisa. Ni nyimbo za mapenzi na za mitaa ya mji, kama majina yenyewe yanavyoonyesha. Tunachojifunza kwake ni mkono wake.

Sasa tueleze kidogo gitaa la umeme lenyewe, kwa maana wengi hudhani sauti yake inatoka kwenye amplifaya. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi unapotikisika, sumaku ile inasumbuliwa, na katika waya unazaliwa umeme mdogo sana. Kazi ya amplifaya ni kuukuza umeme huo na kuupeleka kwenye spika. Kwa hiyo mlio huanzia kwenye kidole. Ukipiga uzi karibu na mahali unapofungwa, mlio unakuwa mkali na mwembamba. Ukisogea kuelekea shingo ya gitaa, unakuwa wa mviringo na laini. Ukibana vibaya kwa mkono wa kushoto, uzi utakwaruza, na amplifaya kubwa itaukuza mkwaruzo huo uwe mkubwa pia. Mtambo haujui kuchagua lililo zuri.

Huko Marekani, Charlie Christian alijiunga na kundi la Benny Goodman mwaka 1939, akaonyesha kwamba gitaa la umeme linaweza kusimama na kuzungumza kama ala ya kupuliza katikati ya wapulizaji. Goodman mwenyewe alikuwa mpiga klarineti. Christian alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25 tu, umri wa kwaya yetu. Fundi Konde naye alipenda muziki wa jazi pamoja na rumba, na kodi zake zilikuwa tajiri kuliko zile tatu ambazo wengi wetu tunazitegemea.

Msikilize katika Tausi. Gitaa ni safi, halina ukungu wala mwangwi wa kutisha. Linashika mwendo chini ya sauti, na mwimbaji anapomaliza mstari, ndipo linajibu kwa noti chache na kumpisha tena. Sisi tunaamini hiyo ni klarineti ya shule ya misheni inayovuta pumzi ndani ya gitaa. Hakuna mahali unapolazimika kurudia santuri ili ujue alichosema.

Wakati naye ulimfundisha. Upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulichukua kama dakika tatu tu. Waimbaji na wapigaji waliimba kwa pamoja mara moja, na kosa halikufutika. Aliyepiga kwa nguvu kupita kiasi alimzika mwenzake palepale, na hakuna fundi ambaye angeweza kumfufua baadaye. Konde alilijua hili kutoka pande zote mbili, kwa kuwa alifanya kazi pia kama fundi wa kurekodi huko Nairobi. Alikaa akiwasikiliza wengine. Kwa maoni yetu kila mpiga ala wa kwaya angepelekwa mara moja kwa mwezi akaketi kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, asikie kinachofika huko.

Wazee wetu, msidhani jambo hili ni geni kwa Abagusii. Obokano yetu ina nyuzi nane na mlio mzito unaovuma hadi kifuani, na anayeipiga huimba mwenyewe. Umewahi kusikia mpiga obokano aliyeyameza maneno yake? Akitaka kutoa sifa au kumwonya mtu, uzi unashuka na neno linapita. Marehemu Christopher Monyoncho alipoushika umeme akaimba kwa Ekegusii, watu wa Kisii na Nyamira walimfuata kwa sababu ya maneno yale. Konde wa Pwani na mpiga obokano wa Bogirango hawakukutana, lakini wangeelewana upesi.

Vijana waliomfuata Konde, akiwemo Fadhili William wa Malaika, walikuta njia imeshafyekwa. Yeye mwenyewe alipitwa na mitindo mipya akanyamaza miaka mingi. Mwaka 1994 ilitoka sidii ya nyimbo zake za kati ya 1947 na 1956, na wengi wakashangaa kwamba bado yu hai. Alifanya kazi pia na Them Mushrooms, wale wa Jambo Bwana, ambao wangeweza kuwa watoto wake. Alifariki mwaka 2000.

Kamati itakutana Jumapili ijayo baada ya ibada kuamua juu ya pesa za harambee. Pendekezo la ofisi yetu ni hili: amplifaya ndogo, nyuzi mpya, na masomo ya mwaka mmoja kwa vijana wawili. Kabla ya mkutano tutaweka Tausi kwenye spika ya ukumbini, na tunawaomba wazee wakae nyuma na vijana wakae mbele.