Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyelelewa na farasi

JINA la Beryl Markham linapotajwa, wengi humkumbuka kama rubani. Mnamo Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Canada, akikabiliana na upepo wa mbisho. Lakini kabla ya kushika usukani wa ndege, alikuwa ameshika hatamu za farasi, na kazi hiyo ndiyo iliyompa riziki kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Njoro angali mdogo. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa mlowezi aliyefuga farasi wa mashindano. Mamake alirejea Uingereza na kumwacha. Beryl akakua miongoni mwa watoto wa Kiafrika shambani, rafiki yake wa dhati akiwa Kibii, ambaye alipotimia utu uzima aliitwa arap Ruta.

Babake alimfunza tangu utotoni kwamba farasi mbichi hatiishwi kwa siku moja. Kwanza huzoeshwa sauti na mkono wa binadamu, kisha lijamu mdomoni, kisha uzito wa tandiko, na mwisho mpandaji. Anayeruka hatua moja huvuna woga au ukaidi. Beryl hakulijua hilo kwa maneno tu. Dume mmoja mkali, Camciscan, alimjeruhi akiwa bado msichana.

Somo jingine lilikuja usiku ambapo jike aliyeitwa Coquette alizaa. Beryl ndiye aliyemsaidia, na babake akamzawadia mtoto huyo wa farasi. Alimpa jina Pegasus, akamlea na kumfunza mwenyewe.

Kisha mambo yakaharibika. Ukame ulimfilisi babake, ambaye aliuza mali na kuhamia Peru. Beryl, aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 18, alibaki bila shamba. Alimpanda Pegasus, akaelekea Molo kuanza kazi ya ukufunzi. Alipata leseni, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya Kenya kabla yake. Arap Ruta alimfuata, wakafanya kazi bega kwa bega.

Jaribio kubwa lilimfika majuma 12 kabla ya mbio za St Leger jijini Nairobi. Mwenye farasi aliyeitwa Wrack, tegemeo lake kuu, alimwondoa mikononi mwake akidhani binti huyo hana uzoefu wa kutosha. Badala yake akapewa Wise Child, jike mwenye kasi lakini ambaye kano za miguu zilikuwa zimeharibiwa na mazoezi ya pupa. Beryl na Ruta walimrejesha polepole, bila kumlazimisha. Siku ya mbio, Wise Child alimshinda Wrack.

Baadaye Beryl aligeukia urubani, naye Ruta akajifunza kuzihudumia ndege. Akaishi Marekani, ambako kitabu chake kilichapishwa mwaka 1942. Hata hivyo, aliporejea Kenya, alirudi kwa farasi na kuwa miongoni mwa wakufunzi waliotajika zaidi nchini.

Uzee wake ulikuwa wa dhiki, hadi kitabu hicho kilipochapishwa upya mwaka 1983 na kumletea kipato. Alifariki Nairobi mnamo Agosti 1986, katika nyumba ndogo iliyo karibu na uwanja wa mbio za farasi.